Kodineti za kiwanja: digrii, mita za UTM au Plus Code, ushike ipi?

Waulize watu watatu kiwanja kiko wapi, utaletewa majibu matatu ambayo hayafanani hata kidogo. Dalali anakurushia lokesheni ya WhatsApp, ukiifungua unakuta -6.81610, 39.28030. Sarveya anakupa karatasi imeandikwa E 530,971 na N 9,246,572, hizo ndo mita za UTM. Kijana wa bodaboda anakwambia we nitumie tu ile kodi ya kwenye ramani, 57MJ+H4 Dar es Salaam, hiyo ndo Plus Code. Sasa mtu anaona hizi anadhani ni sehemu tatu tofauti au kuna mtu anamdanganya, kumbe wote watatu wanaongelea palepale, katikati ya Dar (nimechukua nukta yoyote tu ya mjini kwa mfano, msije mkaenda kuuliza bei).

Kwa kifupi, msimamo wangu ni huu: digrii zinajibu swali la "hii sehemu iko wapi duniani", mita zinajibu swali la "hii nukta iko wapi ukilinganisha na ile nyingine", na Plus Code inajibu swali la "nikuelekezeje kwa simu bila kukosea". Ukijua swali lako ni lipi ushamaliza nusu ya kazi, nusu nyingine ni mitego, na mitego iko mingi kweli.

Tuanze na digrii kwa sababu ndo kila mtu anazo mfukoni. Wote tulichora ile mihimili miwili shuleni, x imelala na y imesimama, zinakatana kwenye sifuri. Dunia nayo imechorwa hivohivo, ikweta ndo mhimili uliolala, mstari wa Greenwich ndo uliosimama, na pale zinapokatana, sifuri sifuri, ni majini tu kwenye Ghuba ya Guinea kusini ya Ghana. Kutoka hapo Tanzania nzima iko mashariki na kusini, kwa hiyo longitudo yetu ni chanya na latitudo yetu ni hasi, ile robo ya nne ya kwenye grafu, nchi nzima mule. Kenya wao ikweta imewapitia katikati kwa hiyo wana robo ya kwanza na robo ya nne kwa pamoja, Uganda nao hivohivo.

Mtego wa kwanza ndo huu na unawakamata hata watu wa hesabu. Shuleni ulifundishwa x inatangulia halafu y. Simu inafanya kinyume, inatanguliza latitudo (ambayo ndo y) halafu longitudo. Halafu baadhi ya mafaili ya ramani, KML na GeoJSON kwa mfano, yanarudi kwenye mtindo wa shule, longitudo kwanza. Kwa hiyo namba zinapohama kutoka programu moja kwenda nyingine zinageuzwa na hakuna anayeshtuka. Chukua ile nukta yetu ya Dar uigeuze, 39.28030, -6.81610, unatua Hispania, upande wa magharibi huko karibu na Cáceres. Ukiacha mpangilio sawa ila ukasahau kile kialama cha kutoa, 6.81610, 39.28030, uko kusini mwa Ethiopia pande za milima ya Bale. Ukifanya makosa yote mawili kwa pamoja unaangukia bahari ya Mediterania kabla hujafika Sardinia. Yaani kosa la kijinga kabisa lakini angalau lina uzuri wake, ni kubwa mno hadi linajianika lenyewe, ukiona kiwanja cha Kigamboni kiko Hispania unajua tu hapa kuna kitu.

Hatari zaidi ni lile kosa dogo dogo. Digrii zinaandikwa kwa mitindo miwili, kuna desimali kama hapo juu na kuna ile ya zamani ya digrii dakika sekunde, nukta yetu inakuwa 6°48'58" Kusini, 39°16'49" Mashariki. Dakika ziko 60 kwenye digrii kwa hiyo dakika 48 sio 0.48, ni 48 gawanya kwa 60, yaani 0.8, na zile sekunde 58 unagawanya kwa 3600, ndo inakuja 6.816. Mtu akisoma 6°48' akaandika 6.48 ameshaipeleka nukta kaskazini kilomita 35 hivi, na akifanya hivo kwa longitudo pia, 39.16, kiwanja kinaenda kuelea baharini kati ya Bagamoyo na Unguja. Mabaharia na wavuvi wenye GPS bado wanapenda dakika, na wana sababu, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1,852, hesabu zao zinaenda vizuri. Wewe wa nchi kavu nakushauri desimali tu, achana na hivo vingine.

Halafu suala la desimali ngapi, maana watu wanatuma namba ndefu kama namba ya kontena. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Desimali moja ni kilomita 11, mbili ni kilomita 1.1, tatu ni mita 110, nne ni mita 11, tano ni mita moja na kidogo, sita ni sentimita 11. Simu ya kawaida ukiwa umesimama mahali pa wazi, mbingu inaonekana, inakosea kama mita 5, ukiwa kati ya maghorofa au chini ya miembe inakosea zaidi. Kwa hiyo desimali tano zinatosha na bado zinabaki, ile ya sita na kuendelea ni mapambo, haikuongezei ukweli wowote. Ila usikate zikabaki tatu, maana mita 110 mtaani ni nyumba ya mtu mwingine kabisa.

Sasa mita, UTM. Hapa dunia imekatwa vipande vya digrii sita sita, vinaitwa zoni, na kila zoni imewekewa grafu yake bapa ya mita. E ni umbali kwenda mashariki na N ni umbali kwenda kaskazini. Ili namba zisiwe hasi wakaamua mstari wa katikati ya zoni usiwe sifuri, uwe 500,000, na kwa sisi wa kusini ya ikweta wakaamua ikweta yenyewe iwe 10,000,000 halafu unapungua ukienda kusini. Ndo maana ile nukta yetu ina E 530,971: iko kama kilomita 31 mashariki ya mstari wa katikati wa zoni 37, ambao ni longitudo 39. Na N 9,246,572 maana yake iko kilomita 753 hivi kusini ya ikweta. Ukishaelewa hivo ile karatasi ya sarveya haikutishi tena.

Zuri jingine la huku kwetu ni kwamba huwezi kuchanganya E na N hata kama mtu kaziandika kinyume, na kweli ramani nyingine zinaanza na N. E ina tarakimu sita, N ya Tanzania ina saba na inaanza na 8 au 9. Basi. Wakenya wajihadhari kidogo maana ukivuka ikweta pale Nanyuki, upande wa kusini N inasoma milioni tisa na laki tisa na ushee, ukipiga hatua kaskazini inaanza upya kutoka sifuri, zoni 37 ileile ila ile herufi inayoandikwa nyuma ya namba ya zoni imebadilika.

Kwa nini ujisumbue na hizi mita wakati simu inakupa digrii bure? Kwa sababu ya ugomvi wa mipaka, hapo digrii zinachosha mapema sana. Tuchukue mfano tuufanye hadi mwisho. Bikoni (alama ya kona ya kiwanja) A iko E 531,120 N 9,246,340. Bikoni B iko E 531,180 N 9,246,420. Jirani kaweka nguzo yake ya fensi C pale E 531,150 N 9,246,377 anasema iko kwenye mstari wa A na B. Iko au haiko?

Kutoka A kwenda B, E inaongezeka 60, N inaongezeka 80. Urefu wa mpaka ni kipeuo cha pili cha 60 kwa 60 jumlisha 80 kwa 80, mita 100 kamili. Mteremko wa mstari ni 80 kwa 60, yaani kila ukienda mashariki mita 3 unapanda kaskazini mita 4. Sasa nguzo C, kutoka A imeenda mashariki mita 30, kwa hiyo ingekuwa kwenye mstari ingetakiwa iwe imepanda mita 40. Imepanda 37. Haiko kwenye mstari. Imepungua mita 3 kwenda kusini, lakini hizo 3 sio umbali wa kutoka kwenye mpaka, umbali wenyewe unapimwa kwa pembe mraba na mstari, ni 3 mara 60 gawanya kwa 100, mita 1.8. Kama kiwanja chako ndo kiko upande wa kusini mashariki ya huo mstari, fensi ikitoka A ikapinda kupitia C ikaenda B imekata pembetatu yenye kitako cha mita 100 na kimo cha 1.8, nusu yake ni mita za mraba 90. Eneo la ukubwa huo, lisingekuwa jembamba hivo, wengine wanajengea nyumba ya vyumba viwili na sebule.

Linganisha na nguzo nyingine, E 531,147 N 9,246,376. Imeenda 27 imepanda 36, gawanya zote kwa 9, ni 3 kwa 4, iko kwenye mstari barabara. Na hii je, E 531,210 N 9,246,460? Imeenda 90 imepanda 120, nayo ni 3 kwa 4, iko kwenye mstari lakini iko nje ya B, imeshapita mpaka wa kiwanja. Hapa ndo watu wanateleza sana, wanaona uwiano umekubali wanafurahi, kumbe lazima uangalie pia E ya hiyo nukta iko kati ya E ya A na E ya B. Kuwa kwenye mstari na kuwa kati ya bikoni mbili ni mambo mawili tofauti.

Sasa mtu atauliza, hiyo hesabu siwezi kuifanya na digrii? Jibu ni ndiyo na hapana, na hapa ndo pananifurahisha. Kipimo cha "iko kwenye mstari au haiko" kinafanya kazi na digrii vilevile, kwa eneo dogo kama kiwanja, kwa sababu hata kama mhimili mmoja umevutwa kuliko mwingine mstari ulionyooka unabaki umenyooka. Kinachoharibika ni umbali na eneo. Kwetu huku karibu na ikweta digrii moja ya longitudo na digrii moja ya latitudo zinakaribia kulingana, kwa Dar zote ni kilomita 110 na nusu hivi, kwa hiyo mtu anaweza kudanganyadanganya akapata jibu la karibu. Ndugu yetu aliyeko Oslo, Norway, akijaribu huo ujanja anaumia, kule digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 56 tu huku ya latitudo bado ni 111, kiwanja cha mraba kwenye digrii kinakuwa kimebonyea vibaya. Na hata hapa kwetu, mpaka wa mita 100 ukiuandika kwa digrii ni 0.0009, nani anataka kufanya hesabu za kugombana na jirani kwa sifuri tatu mbele.

Jambo moja tu lieleweke, ile mita 1.8 simu yako haiwezi kuiona. Simu inakosea mita 5, huwezi kumshtaki mtu kwa mita 1.8. Usisimame kwenye nguzo ya jirani na simu mkononi ukaanza kupiga kelele, hapo anaitwa sarveya mwenye mashine inayosoma sentimita.

UTM nayo ina mitego yake, miwili, na yote inatokana na kitu kimoja, namba zenyewe hazijitoshelezi. Wa kwanza ni zoni. Tanzania inakaa kwenye zoni tatu. Dar, Tanga, Morogoro, Moshi, Arusha, Mtwara ni 37. Dodoma, Mwanza, Tabora, Iringa, Mbeya, Songea ni 36. Kigoma mjini iko 35. Mpaka wa 36 na 37 ni longitudo 36 na unapita ndani ya mkoa wa Dodoma wenyewe, mjini ni zoni 36, Kongwa ni 37. Kenya Nairobi na Nakuru ni 37, Kisumu na Eldoret ni 36. Sasa mtu wa Dar amezoea 37, ananunua kiwanja Dodoma, E inasoma laki nane na kitu, anaiingiza kwenye programu ikiwa bado imewekwa 37. Kiwanja kinahama zaidi ya kilomita 660 kwenda mashariki, kinavuka Unguja kinaingia Bahari ya Hindi. Hili nalo kubwa, utaliona.

Wa pili hauonekani kirahisi na ndo mbaya kuliko yote niliyoandika hapa. Ni datamu, yaani lile umbo la dunia ambalo grafu imebandikwa juu yake. GPS inatumia WGS84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa Arc 1960. Nukta ileile chini ardhini, ukiisoma kwa Arc 1960 E inakuwa pungufu kama mita 95 na N inakuwa zaidi kama mita 300. Namba zinafanana sura, tarakimu sita, tarakimu saba, zinaanza na 9, hakuna kinachoonyesha kuna tatizo, ila ukizifuata na simu unasimama zaidi ya mita 300 kutoka kwenye kiwanja chako. Hukuona Hispania wala bahari, umeona mtaa, umeona nyumba, umeona eneo linauzwa, unaamini. Watu wanaweza kumwaga mawe na mchanga kwenye kiwanja cha mtu kwa staili hii. Siku hizi kuna mfumo mpya wa taifa, TAREF11, ambao unaendana na GPS, lakini ramani za zamani hazijafutika, ziko kwenye makabati na kwenye bahasha za wazee wetu. Kenya wana jingine tena, ramani za kale za Cassini ambazo ziko kwa futi, hizo usijaribu peke yako.

Kama unatumia QGIS au programu yoyote ya ramani inayouliza namba za mfumo, hizi hapa: digrii za GPS ni EPSG 4326. UTM ya WGS84 kwa kusini ni 32735, 32736 na 32737, tarakimu mbili za mwisho ndo zoni. UTM ya Arc 1960 ni 21035, 21036 na 21037. Ukipewa ramani ya zamani jaribu kwanza ya 210, ukiona bikoni zinakaa kando ya barabara kama zilivyochorwa umepata, zikiruka mita mia tatu badilisha.

Plus Code sina mengi. Ni digrii zilezile zimegeuzwa kuwa herufi na namba, alama 20 tu, hazina irabu ili isije ikatokea neno la ajabu. Sio nukta, ni kisanduku, ile ya tarakimu kumi ni kama mita 14 kwa 14 huku kwetu. Kodi kamili ya nukta yetu ni 6G5X57MJ+H4, na ile 6G5X ya mwanzo ni digrii moja nzima ya mraba, imebeba Dar na mji wa Zanzibar kwa pamoja, ndo maana ukiikata lazima uandike jina la mji nyuma, bila mji haina maana. Kuitaja kwa simu ni rahisi kuliko kusoma desimali kumi, haina kutoa, haina kugeuzwa. Kwa mzigo, fundi, msiba au harusi ni nzuri sana. Kwa mpaka wa kiwanja haifai kabisa, kisanduku cha mita 14 hakiwezi kukuonyesha mpaka unapita wapi.

Kwa hiyo kama unaelekeza mtu tu, tuma lokesheni au Plus Code, yaishe. Kama unahifadhi sehemu kwa ajili ya baadaye, shamba la kijijini, kisima, kaburi la babu, andika digrii za desimali tano na alama ya kutoa isipotee, na uandike kabisa neno latitudo na longitudo mbele ya kila moja, maana hizo zitasomeka na programu yoyote hata miaka ishirini ijayo. Kama unanunua, omba mita, bikoni zote sio moja, na usipokee karatasi isiyoandikwa zoni na datamu. Dalali akikupa pini moja tu ya katikati ya kiwanja, hiyo inakusaidia kufika, haikwambii kiwanja kinaishia wapi. Muulize sarveya swali moja, "hizi ni Arc au WGS?", akijibu papo hapo mko salama, akianza kuzunguka mwambie akasimamishe mashine kwenye bikoni moja unayoiona kwa macho mlinganishe na karatasi, zikitofautiana mita 95 na mita 300 jibu mmeshalipata wote wawili.